Wewe ungejuaje?

Habari za mtoto wa dada nitazileta, msinisumbue. Kazaliwa Jumanne, msichana, mama na mtoto wazima, na siku hiyohiyo bosi kanisainia miaka miwili mingine ya mkataba. Mwenye akili zake angelala usingizi mnono wiki hii. Mimi nimekesha na neno moja.

Jumatatu jioni tulikuwa na mazoezi ya okestra. Mwezi huu nimetolewa kwenye viti (mliosoma vilio vyangu vya kupanga viti 68 na kuvipangua tena kwa sababu kondakta, si yule wa kukata tiketi, kataka selo zisogee ndani, mnipongeze) nikapelekwa maktaba ya noti za muziki. Ni kujitolea kulekule, ila kwa kukaa. Mzee wa maktaba kanipa raba na bahasha mbili. Noti za bahasha ya buluu ni za kukodi, zinarudi kwa mwenyewe, kwa hiyo kila kilichoandikwa kwa penseli kifutwe mpaka karatasi ibaki kama ilivyokuja. Za bahasha ya kahawia ni zetu. Hizo usiziguse, alisema, humo mna miaka ya watu.

Kufuta noti kuna raha yake. Unapitisha raba kidogokidogo, usije ukafifisha na kilichochapwa. Alama ya upinde (ule ufito wa kupigia nyuzi) unaoshuka inafanana na mlango usio na kizingiti, ya unaopanda ni kama V. Zinaondoka moja moja, meza inajaa uchafu mweusi. Nikafika kwenye karatasi ya viola, ile fidla kubwa kidogo, nikakuta mtu kachora miwani. Miwani kamili, duara mbili, kidaraja katikati na mikono yake. Nikacheka peke yangu, nikasema huyu ni mtoto wa mtu aliyechoka kumsubiri mamaye. Nikaifuta.

Ndipo nikasoma jina lililo juu. Dvořák, Simfoni ya Tisa. Yetu. Ya kahawia. Ya kupigwa nusu saa baadaye! Nani aliichanganya na za kukodi sijui, lakini jina lilikuwa kubwa na macho ninayo.

Alama za upinde nilizinakili upya kutoka stendi ya noti ya jirani, mkono ukitetemeka. Miwani sikuirudisha. Ya nini?

Obo, ile zumari ya okestra, lilikuwa limeshatoa noti ya "la" ya kulinganishia ala na kila mtu anakaza nyuzi zake niliposikia, "Jamani, miwani yangu iko wapi?" Mama wa viola, stendi ya pili. Mwenzake akaanza kumpekulia mkoba. Nikanyoosha mkono kama mwanafunzi.

"Mama, nimeifuta mimi. Samahani. Nilidhani ni mchoro tu."

Akanitazama, akaitazama karatasi.

"Wala usijali. Wewe ungejuaje?"

Basi. Akainua upinde, mazoezi yakaanza.

Kumbe miwani ni alama. Wanaichora pale penye hatari, pale kasi inapovutwa nyuma ghafla, maana yake inua macho umtazame kondakta. Mzee wa maktaba ndiye aliyenieleza baadaye, tena bila kucheka, na hilo likazidi kuniumiza.

Sasa nisaidieni. Angesema "ungejuaje" peke yake, ningelala. Mimi nimeshatiwa ndani ya hicho kitenzi, nimo, sihitaji kuitwa mara ya pili. Huyo "wewe" wa mbele alikuja kufanya nini? Nimemjaribu kwa sauti zote nikiosha vyombo. Wewe ungejuaje, kwa upole, yaani usijilaumu. Wewe ungejuaje, yaani wewe wa viti. Wewe, miongoni mwa watu wote humu. Jumatano kikaoni nilimwambia mwenzangu mmoja hivyohivyo, kwa majaribio, nione uso wake. Alinuna hadi saa ya kutoka.

Kinachochoma ni kwamba ni kweli. Huu mwaka wa pili niko nao na siwezi kusoma mstari mmoja wa noti. Ninachokijua nimekijua kwa mikono. Najua simfoni hiyo ilisikika mara ya kwanza New York mwaka 1893 kwa sababu nimekunja karatasi za programu mpaka vidole vikaota sugu. Najua matoazi yanagongwa mara moja tu, tena kwa upole, katika sehemu ya nne, kwa sababu mimi ndiye niliyeyabeba na nikauliza kama kweli inafaa kuyabeba yote hayo kwa pigo moja. Mpiga matoazi alinijibu, "Likikosekana, sisi tutajua." Sisi. Haya, naye huyo.

Jumamosi, watu wameanza kuingia ukumbini, nasikia tena sauti ile.

"Wewe! Hebu njoo."

Nikaenda. Viola mkono mmoja, upinde mwingine. Akanionyesha penseli kwa kidevu.

"Chora."

"Mimi, mama?"

"Si wewe uliyefuta?"

Akanielekeza mahali kwa ncha ya upinde. Nikachora. Jicho la kushoto likatoka kubwa kama sahani, la kulia kama kifungo. Mwenzake wa stendi akasema hiyo ni baiskeli. Yeye akaikazia macho, mdomo ukimchezacheza, akasema, "Nitaiona."

Nikarudi nyuma ya pazia nikijikuta natabasamu na ukuta. Sehemu ya nne ilipofika nikajisogeza nimwone atakapoinua macho. Mbele yangu alikuwepo mpiga besi kwenye kigoda chake kirefu, mgongo kama kabati. Sikuona kitu. Matoazi niliyasikia, lile pigo lao moja.

Kwa hiyo sasa nina "wewe" wawili, wa Jumatatu na wa Jumamosi, na hawapatani. Wa Jumamosi namtaka akae. Wa Jumatatu bado anakuja nikiosha vyombo.

Halafu lile jino la kushoto nililowaambia limepona, limeanza tena tangu jana usiku.