Faini ya kupiga palta

Jana saa moja asubuhi mlango uligongwa. Alikuwa katibu wa haya magorofa ninakopanga hapa Pune, na karatasi mkononi: faini rupia 500, kwa kusumbua majirani na mazoezi yangu ya sitari, ile ala ya nyuzi ya Kihindi. Nikamwuliza nimesumbua vipi. "Kila siku ni kile kile tu. Ukishajua wimbo, piga wimbo."

Imeniuma mpaka sasa. Angesema napiga usiku wa manane ningeomba radhi. Lakini Mhindi, ndani ya India, kumwambia mtoto wa Mombasa kwamba palta, yale mazoezi ya kupanda na kuteremka sauti, ni kelele! Mimi nimekuja huku kwa sababu nyumbani tulilelewa na taarab ya Juma Bhalo, tabla na kinanda na mahadhi ya filamu za Kihindi, nikataka kujua mahadhi yale yanatoka wapi.

Palta ndiyo msingi wa sitari. Unashika sauti nne, sa re ga ma (ndizo do re mi fa za Kihindi). Unasogea hatua moja, re ga ma pa, kisha ga ma pa dha, hivyo hivyo mpaka sa ya juu, halafu unateremka: sa ni dha pa, ni dha pa ma. Kidole cha shahada cha kulia kimevaa mizrabu, kile kitanzi cha waya, kinapiga da kwenda ndani na ra kwenda nje, kwa zamu. Sauti moja kwa kila pigo la mdundo, kisha mbili, kisha nne, na mdundo wenyewe usikimbie.

Kazi iko kwenye sauti tatu tatu. Sa re ga ni da ra da. Re ga ma inayofuata inaangukia ra da ra, na mkono unang'ang'ania kuanza na da kama ulivyozoea. Miezi miwili nimepigana na hiyo ra. Ukiishinda, guruji, yaani mwalimu, anakwambia rudia yote katika Bhairav, mpangilio wa sauti ambamo re na dha zimeshushwa, na vidole vya kushoto vilivyokwisha kujua njia vinapotea upya. Sauti nne pekee zina mipangilio 24. Zote saba, 5,040. Sasa huo wimbo nitaupiga na vidole gani kabla ya haya?

Wewe unayepanga kuja kusoma muziki, nisikilize. Kabla hujatoa amana ya miezi miwili (na kodi yangu ni rupia 9,000 kwa chumba kimoja, hesabu mwenyewe Kisauni ungepata nini), mwambie mwenye nyumba unapiga ala gani na saa ngapi, na yaandikwe. Sitari usinunue wiki ya kwanza. Panda treni mpaka Miraj, wanakozitengeneza kwa vibuyu, na uende na mtu anayejua kusikiliza.

Faini nimelipa. Jioni akapanda yule bibi wa chini, tunamwita Aji, na kibakuli cha mafuta ya nazi ya kupaka vidole ili viteleze kwenye uzi. Nikadhani naye amekuja kulalamika. Akaniomba nianze saa kumi na mbili, kwa sababu saa moja sufuria lake la presha linapiga filimbi, na kila mara anakosa kunisikia nikiteremka.

Leo nimeanza saa kumi na mbili kasoro dakika tano. Bhairav, tatu tatu.