Kutafuta Mkrismasi wa Alfred Hair

Kilichonitoa Dar es Salaam hadi mashariki mwa Florida ni picha moja ya kuchorwa: mkrismasi uliochanua kando ya maji ya Indian River, mti uleule unaopamba mitaa ya Upanga kila Desemba kwa maua yake mekundu, ambao asili yake ni Madagaska na ambao huko Florida huchanua Mei na Juni. Galari moja ya jimbo hilo ilikuwa imenitumia picha yake kwa simu, pamoja na maelezo kwamba ni kazi ya miaka ya 1960 ya mkono wa Alfred Hair, mchoraji mweusi wa mji wa Fort Pierce huko huko Florida, na kwamba bei yake ni dola 4,500. Nilituma arubuni ya dola 300 ili wanishikie, nikaunganisha safari hiyo na ya kumtembelea mdogo wangu anayeishi Jacksonville.

Ninakusanya picha za mandhari kwa kadiri mshahara unavyoruhusu, na hakuna wachoraji wa Marekani wanaonigusa kama Hair na wenzake wa Fort Pierce, ambao leo huitwa Highwaymen. Walikuwa watu weusi 26, mmoja tu kati yao akiwa mwanamke, Mary Ann Carroll, na katika miaka ya ubaguzi kazi iliyowangojea wengi wao ilikuwa kuchuma machungwa kwenye mashamba ya watu. Hair alisoma Lincoln Park Academy, na mwalimu wake wa sanaa, Zanobia Jefferson, ndiye aliyempeleka kwa A. E. Backus, mchoraji mzungu ambaye mlango wa nyumba yake haukufungwa kwa mtu kwa sababu ya rangi. Kwa kuwa galari hazikuwa na nafasi kwa ajili yao, walichora kwenye bodi za bei nafuu za kufunikia kuta, wakazitia fremu za mbao za kupambia dari na milango, wakazipakia kwenye buti la gari huku rangi ya nyingine ikiwa bado mbichi, wakapita barabara ya US 1 wakiziuza kwa mawakili, madaktari na wenye hoteli kwa dola 25 hivi. Hair alikuwa akisimamisha bodi nyingi kwa safu na kuzichora kwa pamoja, sehemu moja baada ya nyingine. Aliuawa kwa risasi katika baa mwaka 1970, akiwa na miaka 29. Jina la Highwaymen, ambalo leo limepandisha bei ya kila bodi yao, walipewa katika miaka ya 1990, yeye akiwa kaburini.

Tulipita St. Augustine kwa sababu nilitaka kuona mahali alipoishi Martin Johnson Heade, mchoraji wa Marekani wa karne ya 19. Kuegesha gari peke yake kulitugharimu fedha ambayo Dar es Salaam ingetulisha mchana kutwa, na chumba tulicholala kilikuwa na kiyoyozi chenye kelele za jenereta. Heade alifika Brazili mwaka 1863 kuchora ndege wadogo wa kufyonza maua, na mwaka 1883, akiwa na umri mkubwa, akahamia mji huu, ambako tajiri Henry Flagler alimnunulia kazi na kumpa chumba cha kuchorea nyuma ya hoteli yake ya Ponce de Leon, ambayo sasa ni chuo. Picha zake za vinamasi vya jioni na za maua ya magnolia hazina mfano. Picha yake moja ya magnolia ilikaa miaka katika nyumba huko Indiana ikiziba tundu la ukuta, na mwaka 1999 jumba la makumbusho la sanaa la Houston likainunua kwa dola milioni 1.25. Nilimsimulia mdogo wangu habari hiyo tukiwa barabarani, akanyamaza kidogo kisha akaniuliza, “Kaka, unaikumbuka ile picha ya chui ya shangazi?” Nilimwambia ninaikumbuka, tukaendelea na safari.

Galarini tulipokelewa kwa maji baridi na maneno mazuri. Picha ilikuwa imetundikwa peke yake chini ya taa, na karatasi iliyobandikwa pembeni ilikuwa na bei ya dola 6,200. Nilipouliza kuhusu 4,500 nilizoandikiwa, mwenye duka alinieleza kwa upole kwamba bei ile haikuwa imehesabu fremu, na kwamba juu ya 6,200 itaongezwa kodi ya mauzo. Niliomba picha ishushwe. Hakupenda, lakini aliishusha.

Kwa nyuma haikuwa na tatizo lolote. Bodi ilikuwa ile ya kweli, ya rangi ya kijivujivu, na kwenye kona mbili unyevu wa miaka mingi ulikuwa umeifurisha hadi matabaka yake yakaachana kama kurasa za daftari lililolowa. Fremu ilikuwa mbao ya dari iliyopakwa chokaa na kupitishiwa dhahabu kidogo juu yake, na upande mmoja wa mbingu ulikuwa na mkwaruzo mrefu, kama wa bodi iliyogusana na mwenzake kabla haijakauka. Maua yalipigwa kwa kisu cha rangi, mazito, na chini ya mti kivuli chake kilikuwa cha zambarau, jambo ambalo mtu halichori kwa kukisia, ni lazima awe amewahi kukaa chini ya mkrismasi saa saba mchana. Moyo wangu ulishaikubali picha hiyo.

Kisha nikatoa lenzi nikainama kwenye saini. Rangi ya sehemu hiyo ilikuwa imepasuka nyufa nyembamba, kama ipasukavyo rangi ya mafuta ikizeeka, na jina la Hair lilikuwa limeandikwa kwa rangi nyeusi juu yake. Katika herufi ya kwanza, weusi ulikuwa umetiririka na kuingia ndani ya ufa. Mchoraji anaposaini kazi yake rangi haijapata nyufa bado, kwa hiyo ufa ukifunguka baadaye hukata herufi katikati. Hapa herufi ndiyo iliyoufuata ufa. Niliomba taa ya urujuanimno, inayosaidia kufichua rangi iliyoongezwa baadaye, na ambayo galari ya kiwango hicho haikosi, na mwenye duka akasema taa yao imekwenda kutengenezwa. Nilimwonyesha ufa. Aliutazama kwa muda mfupi sana, akasema kila mtu ana macho yake.

Walikataa kunirudishia dola 300, kwa maelezo kwamba arubuni ni ya kushikilia mali na mali ilishikiliwa. Hasara hiyo iliniuma, lakini lililoniuma zaidi ni kwamba picha ile ilikuwa nzuri. Mtu aliyekaa chini ya mti ule aliichora, huenda ni mmoja wa wale 26, huenda ni jirani yao asiyejulikana na yeyote, na mtu mwingine akaja kumwandikia jina la marehemu mwenye soko. Sasa hata kama atatokea mjukuu wake akasema hii ni kazi ya babu, nani atamsikiliza?

Siku zilizofuata sina mengi ya kuzisimulia. Huko Fort Pierce, kwenye makumbusho ya Backus, nilisimama muda mrefu mbele ya kazi zake, na kwa familia moja ya mjini humo nilinunua bodi ndogo ya mto na minazi, isiyo na saini wala jina, ambayo baba yao aliinunua mlangoni kwa zahanati yake. Bei yake ilikuwa chini kuliko gharama ya kuisafirisha.

Usiku mmoja nilimwambia mdogo wangu kwamba swali lake la chui lilikuwa na uzito. Edward Saidi Tingatinga alianza kuchora mwaka 1968, naye kwa bodi za kujengea na rangi ya kupakia baiskeli, akiuza kando ya Morogoro Stores kule Oyster Bay, na mwaka 1972 polisi walimpiga risasi wakimdhania mhalifu. Wanunuzi wake walikuwa wageni, na bodi zake nyingi ziliondoka nao. Zilizobaki zimechanganyika na za kughushi zenye jina lake, na hapa nyumbani sijamsikia mtu akiinama na lenzi kuzitazama. Shangazi yetu alikuwa yaya wa familia ya Wazungu mitaa ile ile, na walipoondoka walimwachia bodi ya chui.

Nilimpigia shangazi simu huko Tandika. Alisema ipo nyuma ya kabati, na kwamba kuna herufi kwenye kona ingawa macho yake hayazisomi tena. Nimemwomba sana asimruhusu mtu kuisugua kwa sabuni wala kuipaka vanishi, na Jumamosi nitakwenda na lenzi.