Herufi moja ya klorokwini

Leo kutwa nimeshinda na kimeng'enya kimoja, ApoI, na hata sasa hakijanitoka kichwani. Kazi yake kukata DNA, lakini hakikati ovyo: kinatafuta mpangilio wake wa herufi sita za DNA (A, C, G na T), na kisipouona hakigusi kitu.

Tuliokulia Pemba kabla ya 2003 tunaijua klorokwini, dawa ya malaria. Uchungu wake ulikwama kooni hata ukiteremshia chai ya sukari, na usiku mwili mzima ukawasha, mtu akajikuna mpaka alfajiri. Tulivumilia kwa kuwa ndiyo dawa. Halafu ikawa mtoto anamaliza dozi na homa iko pale pale. Wazee wetu wakavishuku vidonge. Kumbe kilichogeuka ni kimelea chenyewe cha malaria. Ndani ya jeni yake iitwayo pfcrt, nafasi ya 76, herufi tatu AAA zimekuwa ACA. Herufi moja tu! Kwa herufi hiyo kimelea kinaweza kuitoa klorokwini kwenye kile kifuko kinachomeng'enyea himoglobini yetu, ile protini nyekundu ya damu, kabla dawa haijakidhuru.

Sasa, ApoI hukata penye AAATTT. Kimelea cha asili kinao mpangilio huo. Kilichogeuka kina CAATTT, kwa hiyo kinapitwa. Unachukua tone la damu, unakizidisha kipande hicho kwa PCR, yaani njia ya kunakili DNA mara nyingi, unatia kimeng'enya, kisha unapitisha umeme kwenye jeli. DNA ikikatika, vipande vidogo vinakimbilia chini. Isipokatika, unabaki mstari mmoja juu. Mara nyingine unaona vyote pamoja, na hapo unajua mgonjwa mmoja kabeba vimelea vya aina zote mbili.

Na kimeng'enya hiki hakikubuniwa na mtu. Ni silaha ya bakteria, ya kukatakata DNA ya virusi vinavyowavamia. DNA yao wenyewe wameitia alama za kikemia ziitwazo methili isikatwe. Werner Arber, Daniel Nathans na Hamilton Smith walipata Nobel mwaka 1978 kwa kazi yao juu ya vimeng'enya hivi.

Wapo wanaosema njia hii imepitwa na wakati, kwamba siku hizi mashine husoma DNA herufi kwa herufi. Sawa, lakini kwa swali la herufi moja, maabara ndogo ya kisiwani inalijibu yenyewe, bila kusafirisha damu ng'ambo. Na swali lenyewe halijaisha. Malawi waliacha klorokwini 1993, na baada ya miaka kadhaa vimelea vinavyouawa nayo vikarudi kutawala. Sisi tulihamia dawa mseto 2003. Kwa hiyo kila sampuli inayopita mkononi mwangu naitazama nafasi ya 76.