Changarawe nyuma ya jiko, Tukuyu

Mama aliteleza Aprili ya mwaka juzi, hatua mbili tu kutoka mlango wa jikoni. Sakafu ya saruji pale uani ilikuwa imeota ukoga wa kijani, kama inavyoota kila kitu hapa Tukuyu mvua ikishakaa miezi mitano. Hakuvunjika, namshukuru Mungu. Lakini tangu siku ile akawa anashinda ndani, na mama yangu si mtu wa kushinda ndani. Miaka yote ameishi kwenye migomba, kwenye jua likitoka na kwenye ukungu ukishuka.

Niliamua kuivunja saruji ile nimtengenezee mahali pa kukaa pa changarawe, vile vijiwe vya mviringo vya mtoni, vya ukubwa wa punje ya njegere. Maji hayalali juu yake, yanapita katikati. Pasipolala maji, ukoga haupati pa kushika.

Mara ya kwanza nilikosea. Oktoba nilishusha mzigo wa Kenta moja kwa moja juu ya udongo, nikasawazisha kwa reki, nikapanga viti. Kufika Februari nusu ya changarawe ilikuwa imezama. Udongo wetu ni wa majivu ya volkano. Usipouvuruga unakunywa maji vizuri sana, lakini ukikanyagwa umelowa unakuwa kama uji, mawe yanashuka na tope linapanda. Fedha ya mzigo ule iliniuma, ila kilichoniuma zaidi ni kumwona mama amerudi dirishani.

Basi kabla ya kuanza upya nilisubiri mvua kubwa ya Mei, nikasimama mlangoni na mwavuli kutazama maji yanatoka wapi. Kwa kweli saa ile moja ilinifundisha kuliko fundi yeyote. Kumbe maji yaliyokuwa yakituharibia hayakuwa yale yanayoanguka uani. Paa la nyuma lina mita za mraba 60. Mvua ya milimita 50, ambayo kwetu haimshtui mtu, inashusha lita 3,000 kutoka kwenye paa hilo peke yake. Mahali nilipotaka kumkalisha mama pana mita 4 kwa 5, na mvua ileile inapaletea lita 1,000 tu. Nilikuwa napambana na bati langu mwenyewe. Kazi ya kwanza ikawa gata, na tenki la lita 2,000, na bomba la inchi 4 la kupeleka maji yanayozidi hadi kwenye shimo la mawe chini, migombani. Fedha nyingi ilienda huko kabla sijanunua hata ndoo moja ya changarawe, na sijutii.

Julai, udongo ulipokauka, nilichimba kishimo cha sentimita 30, nikakijaza maji yakaisha, nikajaza tena na kuangalia saa. Yalishuka sentimita 8 kwa saa moja. Hapo nikajua ardhi yenyewe itanisaidia, mradi tusiizibe.

Na fundi nusura aizibe. Alikuja na furushi la nailoni nyeusi.

"Mwalimu, tutandike hii chini, majani hayataota."

"Na maji yataenda wapi, fundi?"

Akainama akaitazama ile nailoni kwa muda. "Yatakaa," akasema, akaikunja. Ni fundi mzuri na msikivu. Kule sakafuni ndani ya nyumba nailoni ina kazi yake, kuzuia unyevu usipande, ndiyo maana ilimjia akilini. Uani inageuza kazi yote kuwa beseni. Viroba vya mbolea navyo nilivikataa kwa sababu vinapitisha maji kwa shida. Nilisafiri hadi Mbeya kununua kile kitambaa kizito cha wajenzi wa barabara, kinachopitisha maji na kuzuia tope lisipande. Mkinunua, hakikisheni vipande vinapandana sentimita 30.

Tulichimba kina cha sentimita 15, tukaweka mteremko wa sentimita moja na nusu kwa kila mita, kutoka ukutani kuelekea migombani. Juu ya kitambaa tukamwaga kokoto za kuponda, sentimita 10, kwa awamu mbili, kila awamu ikishindiliwa kwa mashine ya kukodi. Hapa watu wengi wanabana matumizi na kuweka changarawe tupu. Msifanye hivyo. Kokoto za kuponda zina kona, zinashikana na kubeba uzito. Vijiwe vya mviringo havishikani hata ukivishindilia wiki nzima, vinaviringika tu. Ndiyo maana pia vinahitaji kingo. Tulijenga kingo za mawe na zege, na upande wa chini tukaacha nafasi ndogondogo maji yatoke, tukaziba kwa vipande vya wavu.

Changarawe yenyewe ni sentimita 5, yaani mita moja ya ujazo, kama tani moja na nusu. Nilimwomba muuzaji anionyeshe kibali cha machimbo yake, maana sipendi kusikia mto umeliwa kingo kwa ajili ya uani kwangu. Wanangu wawili na mimi tuliichekecha na kuiosha yote kwenye pipa lililokatwa nusu, siku tatu. Maji ya kwanza yalitoka kama chai ya maziwa. Tope lile lingebaki lingeziba kila kitu chini. Na nilikataa kuongeza unene, ingawa fundi alisema itapendeza, kwa kuwa ikizidi hapo kiti kinadidimia na mguu unazama.

Mguu wa mama ndio uliokuwa unanikosesha usingizi. Anatembelea fimbo, na fimbo juu ya vijiwe inazama. Kwa hiyo kutoka mlangoni hadi kwenye kiti chake tulipanga vipande vya zege, sentimita 50 kwa 50, uso umechorwa kwa ufagio mgumu usiteleze, usawa mmoja na changarawe. Chini ya kiti pia. Kiti tulikiweka mbali na mparachichi. Majani yake yakianguka yanaoza katikati ya vijiwe, na udongo unaotokea hapo ndio unaootesha magugu.

Aprili hii mvua ilinyesha usiku kucha. Asubuhi saa moja nilitoka na tochi. Vijiwe vilikuwa vimelowa vinang'aa, lakini hapakuwa na dimbwi, na kule chini shimo la migombani lilikuwa likinguruma maji. Kona moja ya chini changarawe imeteremka kidogo. Kila Jumamosi mwanangu mdogo anairudisha kwa reki, na Julai nitaongeza toroli chache.

Mama anatoka kila siku mvua ikikatika. Macho yake yamepungua nguvu, ila ameshajifunza mlio wa kila mtu juu ya vijiwe. Jana nilirudi shuleni nikapitia nyuma bila kusema neno. Hakugeuka. "Umechoka leo, mwanangu," akasema, "unaburuta mguu." Nikamwamkia, nikavuta kigoda, nikakaa naye mpaka ukungu ulipotufunika.