Kunoa kisu cha kukunja nyumbani: ninavyofanya hapa Mwanza

Kisu kisichokaa na makali mara nyingi husingiziwa chuma kibaya. Ninavyoona mimi, sababu kubwa ni mbili: aliyekinoa aliacha kabla makali hayajajikunja na kuota uzi mwembamba wa chuma upande wa pili, au yalijikunja akaondoka bila kuusafisha ule mkunjo. Nilipoyashika hayo mawili, kisu changu hakikwenda tena kwa mnoaji anayezungusha jiwe lake kwa baiskeli.

Sina ugomvi na mnoaji wa baiskeli. Panga, shoka na jembe mpelekee. Ila bapa la kisu cha mfukoni ni jembamba, na jiwe linalozunguka kwa kasi bila maji hulichemsha kwa sekunde chache, hasa nchani. Ukiona rangi ya samawati karibu na makali, ujue chuma kilifika nyuzi 300 hivi za joto na ugumu wake umepungua. Sehemu hiyo itakuwa butu upesi mpaka uisage yote. Wengine hapa hunolea kwenye jabali la nyuma ya nyumba, maana mawe hatujapungukiwa. Jiwe la itale (graniti), kama hayo ya kwetu, lina chembe kubwa na ndogo, ngumu na laini, zote mahali pamoja, kwa hiyo huacha mikwaruzo mirefu isiyo na mpangilio. Panga la kuni litaridhika, kisu cha kuparia samaki hapana.

Vifaa ni vichache: kinoo cha pande mbili, mkwaruzo na laini, kisichopungua sentimita 15, msasa wa maji namba 1000, unapatikana kwenye maduka ya rangi za magari, kipande cha kioo kinene au taili ya kuulazia, maka peni nyeusi, na mkanda wa zamani wa ngozi halisi. Mkanda wa reksini haufai, unateleza tu.

Pembe ndiyo inayowashinda wengi. Chukua kona ya karatasi, ikunje katikati, kisha ikunje tena katikati. Hiyo ni digrii 22 na nusu. Mimi nalaza kisu chini kidogo ya hapo, kwenye 20. Kwa bapa la upana wa sentimita 2 na unene wa milimita 3 mgongoni, mgongo unakuwa juu ya jiwe kwa milimita 5 na nusu hivi. Digrii 15 hutoa makali matamu zaidi, lakini yakigonga mfupa wa sangara yanajikunja au yanamegeka.

Kabla ya kuanza, paka wino wa maka peni ukingoni pande zote mbili, piga mara mbili tatu kwenye jiwe, halafu tazama. Wino ukitoka juu tu, upande wa bapa, umelaza mno. Ukitoka kwenye ukingo wenyewe tu na huku juu umebaki, umeinua mno. Rekebisha mkono, paka tena.

Lowesha jiwe, upande mkwaruzo ukiwa juu; maji ya bomba au ya ziwa ni sawa. Sukuma kisu makali yakitangulia, kama unayetaka kubandua ganda jembamba juu ya jiwe, ukianzia kwenye kisigino karibu na bawaba na kuishia nchani. Ukifika kwenye mpindo wa ncha, inua mpini kidogo. Usipoinua, ncha haiguswi na itabaki butu. Nguvu iwe ya vidole viwili vilivyolala juu ya bapa, basi.

Baki upande mmoja mpaka upande wa pili uote uzi mwembamba wa chuma, ndio ule mkunjo niliousema mwanzo. Utausikia ukipitisha dole gumba kutoka mgongoni kuelekea nje ya makali. Usipitishe kidole kwa urefu wa makali hata siku moja. Uzi huo huchelewa kisigino na nchani, kwa hiyo usihame mpaka uwe umetokea kote. Hapo geuza, fanya vilevile, kisha nenda upande laini wa jiwe, halafu kwenye msasa. Juu ya msasa vuta tu, mgongo ukitangulia, la sivyo utaichana karatasi. Mwisho badilisha upande kila mvuto, na kila unavyoendelea punguza nguvu.

Sasa mkanda. Kata sentimita 25, bandika kwa gundi juu ya ubao ulionyooka, upande wa ndani wenye manyuzinyuzi ukiwa juu. Paka dawa nzito ya kung'arishia chuma, safu nyembamba. Vuta mgongo ukitangulia, mara 15 kila upande, pembe ileile au chini yake kidogo. Makosa ni mawili: kukandamiza, ngozi ikabonyea na kuyaviringa makali; na kugeuza kiwiko mwisho wa mvuto kabla kisu hakijaacha ngozi. Simamisha kisu, kinyanyue, ndipo ugeuze.

Kupima, mulika makali kwa tochi ya simu. Mahali butu pataakisi mstari mweupe. Kisha kata risiti ya dukani ukiwa umeishika hewani. Ikikwama mahali palepale kila mara, kuna pengo au uzi umebaki.

Kwa kisu cha kukunja, osha bawaba itoke michanga ya jiwe, kausha, weka tone la mafuta ya cherehani. Makali yakianza kuchoka, anza na mkanda. Ukishindwa, rudi kwenye msasa. Upande mkwaruzo ni wa kisu kilicho butu kabisa au kilichomegeka tu.

Kinoo nacho hubonyea katikati, na juu ya jiwe lililobonyea pembe haishikiki. Kichore mistari ya penseli, mwaga mchanga na maji kwenye sakafu ya saruji iliyo sawa, sugua kwa mzunguko mpaka mistari yote ifutike.