Salfa raundi ya tatu, sijaruka hata moja

Jamani leo nimemaliza kupulizia mikorosho yangu huku Newala salfa, ile dawa ya unga, na nimefurahi mno. Msimu uliopita nilikuwa naamka jua limeshatoka, upepo umeanza, salfa yote inapeperuka, ugonjwa wa ubwiri unga ukala maua na mnadani nikapeleka korosho kidogo sana, iliniuma. Safari hii simu nailaza sebuleni, alamu ikilia saa kumi usiku lazima niinuke nikaizime na nikishasimama ndo basi, nabeba mashine naenda nakuta umande bado uko kwenye majani, salfa inashika vizuri. Wiki mbili za mwanzo zilikuwa ngumu aisee. Hela ya korosho ikiingia, ya kununulia bati inatoka kwanza, daftari la hesabu analo mama watoto.