Mstari Mmoja wa Jedwali: Kufanya na Kusoma Uchambuzi wa Upatanishi

Wiki iliyopita mwenzangu katika utafiti alinitumia jedwali la matokeo likiambatana na swali moja tu: "Huu upatanishi ni kamili au ni nusu?" Nililitazama jedwali lile kwa muda kabla ya kumjibu, kwa sababu kila namba aliyoihitaji ilikuwamo, ila swali lenyewe ndilo lililokuwa na walakini. Kuendesha uchambuzi wa aina hii, unaouliza kama kitu kimoja huathiri kingine kwa kupitia cha tatu, ndani ya programu ni kazi ya dakika chache. Kuusoma bila kudai zaidi ya yale ambayo data zinaruhusu ni jambo jingine kabisa, na nimewaona hata watafiti wazoefu wakikwama hapo. Ndiyo maana nimeona niyaandike yale niliyomweleza, kwa urefu kuliko nilivyoweza kwenye simu.

Nitafuata umbo la utafiti wake, lakini namba zake halisi nimeziacha na kuweka zangu, nilizotunga kwa ajili ya kufundishia. Chukua watu 200 waliogawanywa kwa bahati nasibu katika makundi mawili, kundi moja likifuata ratiba ya mazoezi ya mwili kwa wiki 12 na kundi jingine likiendelea na maisha kama kawaida. Ubora wa usingizi unapimwa katika wiki ya 6, na kiwango cha msongo wa mawazo kinapimwa mwishoni, katika wiki ya 12. Dhana ya mtafiti ni kwamba mazoezi hupunguza msongo kwa kuboresha usingizi. Mazoezi ni kigeu huru, X. Msongo ni kigeu tegemezi, Y. Na usingizi ni kigeu cha kati, M. Neno "upatanishi" limeshazoeleka, ingawa mimi hulipokea shingo upande, maana mpatanishi kwa Kiswahili ni mtu anayewasuluhisha waliogombana, na kigeu cha kati hakisuluhishi ugomvi wowote. Kazi yake ni ya mjumbe: kupokea kutoka upande mmoja na kufikisha upande wa pili. Uchambuzi wote unauliza kama mjumbe huyo alipokea, kama alifikisha, na ni kiasi gani kilipita mikononi mwake.

Kwa hiyo programu inakadiria rigresheni mbili, yaani milinganyo inayotabiri kigeu kimoja kutokana na vingine. Ya kwanza inatabiri usingizi kutokana na mazoezi na kutoa koefisienti a, yaani namba inayoonyesha usingizi hubadilika kwa kiasi gani. Ya pili inatabiri msongo kutokana na mazoezi na usingizi kwa pamoja, nayo inatoa koefisienti mbili: b, ambayo ni uhusiano wa usingizi na msongo baada ya mazoezi kuzingatiwa, na c′, ambayo ni athari ya mazoezi ya moja kwa moja, isiyopitia usingizi. Athari ya kupitia kati ni a ikizidishwa kwa b. Athari ya jumla, c, hupatikana kwa kutabiri msongo kutokana na mazoezi peke yake, na ikiwa rigresheni zote ni za mstari na zimefanywa kwa watu wale wale, c italingana barabara na c′ ukijumlisha ab.

Ninausisitiza ulinganifu huo kwa sababu uliwahi kuniokoa. Nilipokuwa naanza, nilifanya rigresheni hizo moja moja kwa mkono, na hesabu ikakataa kukubaliana: c ilikuwa kubwa kuliko jumla ya c′ na ab kwa kiasi ambacho hakikuweza kuwa kosa la kukadiria desimali. Nilipoteza siku mbili nikitafuta hitilafu kwenye amri nilizoandika. Kumbe baadhi ya washiriki hawakujaza dodoso la usingizi, kwa hiyo programu iliwaondoa kimyakimya katika rigresheni zilizohusisha usingizi na kuwabakiza katika ile ya athari ya jumla, nami nikawa nalinganisha matokeo ya makundi mawili tofauti ya watu. Tangu hapo, kitu cha kwanza ninachokitazama katika jedwali lolote ni idadi ya watu walioingia katika kila rigresheni, kabla sijatazama koefisienti hata moja.

Kuhusu programu zenyewe, wanaotumia programu ya takwimu ya SPSS wengi huitumia makro (nyongeza ndogo) ya PROCESS iliyoandikwa na Andrew Hayes, ambamo mpangilio huu rahisi wa kigeu kimoja cha kati huitwa Modeli 4. Katika R, programu nyingine ya takwimu, kifurushi cha lavaan cha Yves Rosseel kinakutaka uandike milinganyo miwili, uzipe koefisienti majina, kisha uongeze mstari wa tatu, ab := a*b, ili zao hilo likadiriwe pamoja na mengine. Tahadhari moja hapa: usipoongeza se = "bootstrap", lavaan itakupa kosa sanifu la zao hilo (kipimo cha jinsi kadirio linavyoweza kuyumba) kwa fomula, na matokeo yake yatakuwa katika hali ya kipimo cha Sobel, ambacho nitakigusa hivi punde. Kifurushi kiitwacho mediation, nacho cha R, kinakutaka uandike boot = TRUE kama unataka sampuli za kurudia, ambazo nazo nitazieleza; usipoandika, kinatumia njia nyingine ya kuiga mtawanyo wa koefisienti. Watu wawili wanaweza kutumia data zilezile, wakasema wote kwamba "wamefanya upatanishi," na wakawa wamefanya vitu viwili.

Tofauti hiyo ina historia yake. Mwaka 1986 Reuben Baron na David Kenny walichapisha makala iliyoweka hatua ambazo vizazi vya wanafunzi vimezikariri: lazima X iathiri Y, lazima X iathiri M, lazima M ihusiane na Y baada ya X kuzingatiwa, na mwisho athari ya X ipungue, ikifikia sifuri ndipo upatanishi uitwe kamili. Swali la mwenzangu limetoka moja kwa moja humo. Hatua ya kwanza leo haishurutishwi tena, na sababu yake inaeleweka kwa mfano wetu: mazoezi yanaweza kupunguza msongo kwa kuboresha usingizi, na wakati huohuo yakauongeza kwa kumnyang'anya mtu muda katika ratiba iliyojaa. Njia mbili zenye alama kinyume zinaweza kufutana, athari ya jumla ikakaribia sifuri, ilhali kila njia inafanya kazi yake kikamilifu. Aliyefuata hatua za 1986 angeishia mlangoni.

Kasoro ya pili ni kwamba hatua zile hazikadirii zao la a na b lenyewe wala kulipima. Kipimo cha Michael Sobel cha mwaka 1982 kinalipima, kwa kuligawanya kwa kosa lake sanifu, lakini kinachukulia kwamba zao hilo lina mtawanyo wa kawaida wenye umbo la kengele. Koefisienti mbili zenye mtawanyo wa kawaida zikizidishwa, zao lake kwa ujumla halina umbo hilo. Mara nyingi huwa na mkia mrefu upande mmoja. Njia ya sampuli za kurudia, ambayo Bradley Efron aliianzisha mwaka 1979 kwa matumizi mapana zaidi, haihitaji dhana hiyo. Programu inachukua watu 200 wa utafiti na kuchota kutoka kwao watu 200 kwa kuwarudisha kila baada ya kuwachota, kwa hiyo mmoja anaweza kuingia mara tatu na mwingine asiingie kabisa. Kwa wastani, karibu asilimia 63 ya washiriki ndio wanaoonekana katika kila mchoto. Inakadiria a na b upya, inazidisha, inaandika jibu, kisha inarudia mara 5000. Majibu hayo yakipangwa kutoka dogo hadi kubwa, 125 ya chini na 125 ya juu yanawekwa kando, na mipaka ya yaliyobaki ndiyo masafa ya uhakika ya asilimia 95, yaani eneo ambamo athari halisi inakadiriwa kuwamo. Kwa kuwa uchotaji ni wa bahati nasibu, weka mbegu, yaani namba ya kuanzia, na uitaje katika ripoti. Vinginevyo hutapata tena jedwali lilelile hata wewe mwenyewe.

Sasa tulisome jedwali. Koefisienti a ni 1.80, kosa sanifu 0.50: kundi la mazoezi lina wastani wa alama 1.80 zaidi katika kipimo cha usingizi. Koefisienti b ni −0.60, kosa sanifu 0.15: kati ya watu walio katika kundi moja, anayemzidi mwenzake kwa alama moja ya usingizi ana wastani wa alama 0.60 pungufu za msongo. Zao lake ni −1.08. Kwa fomula ya Sobel, kosa sanifu ni takriban 0.40 na masafa ni kutoka −1.87 hadi −0.29; kwa sampuli za kurudia, tuseme yametoka −1.95 hadi −0.40. Tazama jinsi haya ya pili yasivyolingana pande mbili: kutoka −1.08 kwenda chini ni 0.87, na kwenda juu ni 0.68. Ule mkia niliousema ndio huo. Sifuri haimo ndani ya masafa, kwa hiyo data hizi zinaunga mkono kuwapo kwa athari inayopitia usingizi. Huo ndio mstari wenye jibu la swali la utafiti, nao hauhitaji a na b zichunguzwe kila moja kwa thamani yake ya p, yaani uwezekano wa kupata namba ya ukubwa huo au zaidi kama athari halisi ingekuwa sifuri.

Mstari wa c′ ndio uliomvuta mwenzangu. Ni −0.90, kosa sanifu 0.70, na thamani yake ya p iko juu ya mpaka uliozoeleka wa 0.05, kwa hiyo alikuwa tayari kuandika "upatanishi kamili," yaani mazoezi hayana njia nyingine ya kupunguza msongo isipokuwa usingizi. Lakini masafa ya c′ yanatoka takriban −2.28 hadi 0.48. Ndani yake kuna sifuri, ndiyo, na ndani yake kuna pia athari ya moja kwa moja iliyo kubwa mara mbili ya ile inayopitia usingizi. Kushindwa kuitofautisha namba na sifuri si kuthibitisha kwamba ni sifuri. Isitoshe, sampuli ikiwa ndogo c′ hukosa maana ya kitakwimu kwa urahisi zaidi, kwa hiyo anayehesabu kwa mtindo huu anapewa zawadi ya neno "kamili" kwa sababu tu alipima watu wachache. Mimi nimeyaacha maneno "kamili" na "nusu" katika maandishi yangu yote. Ile asilimia ya athari iliyopita kati, ambayo hapa ingekuwa 1.08 ikigawanywa kwa 1.98, takriban 55, naitumia kwa nadra sana: inayumba mno athari ya jumla ikiwa ndogo, na njia zikiwa na alama kinyume inaweza kuvuka 100 au kuwa hasi.

Lililobaki ndilo ninaloliona zito kuliko yote, na hakuna safu ya jedwali inayolionyesha. Mgawanyo wa bahati nasibu unalinda a na c, kwa sababu makundi yalikuwa sawa mwanzoni isipokuwa kwa ajali ya uchotaji. Haulindi b. Hakuna aliyewagawa watu kwa bahati nasibu wawe na usingizi mzuri au mbaya. Mtu mwenye maumivu sugu hulala vibaya na huwa na msongo, na kama maumivu hayamo kwenye rigresheni, uhusiano wake wote utahesabiwa kana kwamba ni kazi ya usingizi, na b itavimba. Msongo wa wiki ya 5 nao unaweza kuharibu usingizi wa wiki ya 6 na kudumu hadi wiki ya 12, mshale ukiwa umegeuka. Jaribu kubadilishana nafasi za M na Y katika programu: itakubali bila kusita, na mara nyingi itakupa zao jingine lenye masafa yasiyogusa sifuri. Kama vipimo vyote vilichukuliwa siku moja, hali ni mbaya zaidi. Scott Maxwell na David Cole walionyesha mwaka 2007 kwamba data za wakati mmoja zinaweza kutoa makadirio yaliyopotoka sana ya mchakato unaotokea kwa muda.

Yapo ya kufanya. Usingizi na msongo vipimwe pia kabla ya mazoezi kuanza, na vipimo hivyo viingizwe katika rigresheni zote mbili pamoja na vigeu vingine vya awali vinavyoweza kugusa usingizi na msongo kwa pamoja. Vilivyopimwa baada ya mazoezi kuanza, na vinavyoweza kuwa vimebadilishwa na mazoezi hayo, visiingizwe kiholela, kwani huharibu kile unachotaka kukadiria. Kisha fanya uchambuzi wa uthabiti. Kifurushi cha mediation kina amri ya medsens, inayoonyesha mabaki ya rigresheni mbili, yaani sehemu ambazo milinganyo haikuzieleza, yangehitaji kuwa na uwiano wa kiasi gani ili athari iliyopatikana ifutike. Na kama Y ni ya ndiyo au hapana, usitegemee ule ulinganifu wa c na c′ ukijumlisha ab, kwa kuwa katika rigresheni ya lojistiki, inayotumika kwa Y ya aina hiyo, haushiki.

Mwishoni nilimwandikia mwenzangu sentensi ya kuweka badala ya ile ya "upatanishi kamili": "Athari ya mazoezi kwa msongo kupitia usingizi ilikadiriwa kuwa −1.08, masafa ya uhakika ya asilimia 95 yakiwa −1.95 hadi −0.40 kwa sampuli 5000 za kurudia, kwa dhana kwamba hakuna kigeu kilichoachwa nje kinachoathiri usingizi na msongo kwa pamoja." Aliniuliza kama anaweza kukiondoa kipande cha mwisho, kwa kuwa ripoti imeshakuwa ndefu. Nilimwambia apunguze mahali pengine. Jioni yake alifungua tena dodoso la mwanzo, akakuta swali la maumivu lilikuwamo na karibu kila mtu alilijibu, na sasa tunaurudia uchambuzi wote likiwa ndani ya rigresheni zote mbili.